Ya Kale si Dhahabu

 

Ndugu msomaji, katika lugha yetu umo msemo ambao kila mtu anaujua, na pengine kwa kuwa kila mtu anaujua hakuna anayejisumbua kuupima. Msemo huo ni: ya kale ni dhahabu. Mzee akitaka kusifu ada za zamani husema hivyo; kijana akitaka kumridhisha mzee husema hivyo; na mfanyabiashara akitaka kuuza sinia lililotoboka kwa bei ya sinia jipya, naye husema hivyo hivyo. Mimi leo nataka kuuhakiki msemo huu kama tunavyohakiki ubeti wa shairi, yaani kutazama neno lake limekaaje na maana yake yatupeleka wapi. Nitakayoyasema sikuyapata vitabuni tu. Mengine nimeyapata hapa Chimala ninakosomesha, katika baraza za mafundi, na mengine katika stoo ya nyumba yetu wenyewe kule Pangani, ambako nilitenda kosa nitakalolieleza mbele, inshallah.

DHAHABU NA CHUMA

Tuanze na neno lenyewe. Dhahabu haili kutu, na thamani yake haihitaji kazi. Ukiifungia kisandukuni miaka 30 utaikuta kama ulivyoiacha. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba kitu cha kale ni dhahabu, huelewa kwamba wajibu wake juu ya kitu hicho ni mmoja tu, nao ni kukihifadhi: akifunge, akitoe siku ya wageni, kisha akirudishe.

Sasa tazama sheria yetu inavyopambanua. Dhahabu iliyowekwa akiba, ikifika nisabu ya mithqali 20, ambayo wanavyuoni wengi wa leo huikadiria kuwa gramu 85 hivi, na ikapitiwa na mwaka, hutolewa zaka fungu moja katika 40. Lakini nyundo ya mhunzi, cherehani cha mshonaji, plau ya mkulima na ngalawa ya mvuvi havitolewi zaka hata vikiwa na thamani kubwa, maadamu mwenyewe anavifanyia kazi. Na lau mtu atavikusanya vyombo hivyo hivyo ili avifanyie biashara, hapo vinageuka bidhaa, na zaka ya biashara humpasa. Chombo ni kile kile, na hukumu zake ni mbili. Mafakihi hawakutazama umri wa chombo wala uzuri wake. Walitazama kazi yake.

Basi hapo ndipo msemo wetu unapoanza kuyumba. Umekichukua chombo cha kazi, ukakivika nguo ya akiba. Na sisi tukaufuata.

Nimeingia katika nyumba moja ya kifahari huko Pwani nikaiona mbuzi ya kukunia nazi imetundikwa ukutani sebuleni, imepakwa vanishi hata meno yake yanang'aa. Nikamsifu mwenyewe. Kisha tukaletewa wali, na tui lake lilikuwa la kopo. Sikusema neno, kwani mgeni hana ruhusa ya kuhakiki chakula cha watu, lakini niliitazama ile mbuzi nikaionea huruma. Haikuvunjika wala haikuchoka. Imeheshimiwa mpaka imekosa kazi.

CHIMALA, MJI WA NJIANI

Wengi wa wasomaji wetu wa Pwani, kama wamepata kupita Chimala, wamepita usingizini. Ni mji mdogo katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, uliokaa juu ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, nayo hupita huku. Kaskazini yake ni bonde la Usangu, tambarare ya mpunga. Kusini yake milima imesimama kama ukuta, na barabara ipandayo Matamba, wilaya ya Makete, ina kona zinazohesabiwa kuwa 57.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia, "Maalim, Surat al-Hadid, Sura ya Chuma, nayo ni ya 57." Nikamwambia asijenge dini juu ya hesabu ya kona. Lakini nakiri kwamba tangu siku ile nikiitazama barabara hiyo huikumbuka sura hiyo, ambamo Mwenyezi Mungu ametaja kwamba katika chuma mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Zingatia neno manufaa.

Na milima hiyo ina haki ya kutajwa pamoja na chuma. Wakinga wakaao huko juu walikuwa wahunzi mashuhuri zamani. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri yao, wakafua majembe, na majembe hayo yakavuka milima kwenda kwa Wanyakyusa kubadilishwa na chakula na mifugo. Jembe lilikuwa mali, naam, lakini mali ya kulimia. Aliyelipata alikwenda nalo shambani.

Hapa bondeni napo pana mfano wake. Upande wa Rujewa wamekaa Mabulushi, Waislamu wenzetu, ambao historia ya Usangu huwataja miongoni mwa waliotangulia kulima mpunga wa kumwagilia katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Tangu hapo mifereji imezidi, na watu wa kila kabila wanalima. Mfereji ni urithi ulio wazi kuliko wote, maana hauwezi kufungiwa sandukuni. Kabla ya maji kufunguliwa, wenye mashamba hutoka pamoja na majembe na mapanga, wakazoa tope na kufyeka magugu. Wasipotoka, msimu mmoja tu unatosha mfereji wa babu kugeuka kichaka. Mtu hawezi kusema, "Mimi nauheshimu mfereji wa babu yangu, kwa hiyo siugusi." Akisema hivyo atachekwa. Lakini maneno hayo hayo tunayasema juu ya vyombo vya majumbani mwetu, wala hatuchekwi.

BARAZA LA MHUNZI NA BARAZA LA MSHONAJI

Nyuma ya soko yuko mhunzi mmoja ambaye hupenda kukaa kwake baada ya swala ya alasiri. Chuma chake hununua kwa wauzao vyuma chakavu, na anachokipenda zaidi ni springi za malori, kwani barabara hii kuu haikosi lori lililovunjika. Springi ile iliyokwisha beba shehena huikata, huipasha moto, huifua, ikawa panga au mundu wa kuvunia mpunga. Upepo wa moto wake hautoki tena katika viriba vya ngozi. Hutoka katika feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli kuukuu. Lakini nyundo na koleo ni za marehemu baba yake, na mpini wa nyundo ile umechongeka kwa mkono hata vidole vimeacha mahali pake.

Siku moja aliletewa plau mbili. Moja ilikuwa kuukuu, mwili wake mzito, ulimi wake umelika hata umebaki kama ukucha. Nyingine haijamaliza msimu wa pili, nayo ilikuwa imekunjika. Ile kuukuu aliifungua kwa spana, akaondoa ulimi ulioisha, akafunga mwingine, kazi ikaisha kabla ya magharibi. Ile mpya aliigeuza geuza, kisha akamwambia mwenyewe, "Hii, mzee wangu, haikutengenezwa ili ifunguliwe. Ikiharibika, imekwisha." Mwenyewe akainama.

Ndugu msomaji, hapo nilijifunza kipimo cha kwanza cha kuhakiki chombo. Tusiulize kina umri gani, tuulize: je, chafunguka? Chombo kinachofunguka kinakubali mkono wa binadamu kukitengeneza, na kwa hiyo chaweza kurithiwa. Kisichofunguka hakirithiki, hata kikiwa kipya. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na akafundishwa kuunda deraya, na Qur'ani imetaja kwamba aliamrishwa azipime sawasawa pete zake. Kazi ile ilikuwa ya pete moja moja, na kitu cha pete moja moja kikikatika mahali hutengenezwa mahali pale palipokatika.

Kutoka kwa mhunzi, ukivuka barabara, utamkuta mshonaji katika baraza ya duka. Cherehani chake ni Singer ya kukanyaga kwa mguu, alichoachiwa na baba yake. Dhahabu ya maandishi yake imekwisha futika, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma ipo, na kwa namba za namna hiyo wajuzi huweza kutambua mwaka cherehani kilipotengenezwa. Kampuni ya Singer ilianza Marekani mwaka 1851, na kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Uskoti, ambacho kilituma vyerehani duniani kote, kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, na vyerehani vyake vingali vinashona.

Sababu yake si muujiza. Kila kiungo cha cherehani kile chaonekana kwa macho, kila mahali pa kutia mafuta pametobolewa tundu, na bisibisi moja yatosha kufungua sehemu iliyo kubwa. Tena vyerehani vingi vya Butterfly vilivyotujia kutoka China viliundwa kwa kufuata mtindo wa Singer aina ya 15, kwa hiyo sindano na bobini za kile kipya zamfaa kile cha kale. Mpunga ukishauzwa, watu wa Chimala huja kushonesha, na mshonaji huyu hukanyaga tangu asubuhi mpaka usiku. Umeme ukikatika, majirani zake wenye vyerehani vya umeme hutoka nje kupiga soga, naye huendelea.

Sikusema umeme ni mbaya. Nasema nililoliona.

KOSA LANGU

Sasa nieleze niliyoahidi. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mjane, na kwa cherehani cha namna hiyo hiyo alitulea mimi na dada yangu. Alishona kanzu, alishona magauni ya watoto wakati wa sikukuu, alishona mpaka macho yakamchoka. Alipofariki mwaka 1996 alituacha sisi wawili tu kuwa warithi wake. Nguo zake tulizitoa sadaka, vyombo vya jikoni alichukua dada, na cherehani nikakitia stoo, nikakifunika kwa kanga yake.

Dada yangu alinijia baada ya miezi michache. Akasema, "Kaka, nipe cherehani cha mama nikishonee, hali yangu si nzuri." Nikamjibu kwa maneno ambayo wakati ule niliyaona mazuri: kwamba kile ni kumbukumbu ya mama, na kumbukumbu haichezewi. Akanyamaza. Hakunidai. Akaendelea kukaanga maandazi ya kuuza alfajiri, na mimi nikaendelea kusomesha watu, miongoni mwa niliyosomesha ikiwa elimu ya mirathi.

Elimu ya mirathi, ndugu msomaji! Mtoto wa kiume ana mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa hiyo theluthi moja ya kile chuma haikuwa yangu tangu siku mama alipofumba macho. Na nilijua vizuri kwamba kitu kisichogawika bila kuharibika kina njia zake: ama kiuzwe igawanywe thamani yake, ama mmoja anunue fungu la mwenzake, ama wakubaliane kukitumia kwa zamu. Njia ya kukifunika kwa kanga haimo katika kitabu chochote.

Dada yangu alifariki mwaka 2014. Theluthi yake ikawa mirathi ndani ya mirathi, ile ambayo wenye elimu huiita munasakha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia huku Chimala. Nikawa kila jioni nampita yule mshonaji na kusikia sauti ya cherehani chake, na sauti ile ikawa yanisuta, maana ndiyo iliyokuwa ikinilaza nilipokuwa mtoto. Mwishowe nikakiagiza kutoka Pangani. Kikafika katika buti ya basi, kimefungwa kwa gunia.

Yule mshonaji alikifunua, akashika gurudumu, likakataa kuzunguka. Akatazama ndani kwa tochi, akasema, "Sheikh, hiki hakikufa kwa kazi. Kimekufa kwa kukaa."

Alitia mafuta ya taa katika kila tundu, akakiacha kikalala. Siku ya pili akalitikisa gurudumu polepole, nyuma na mbele, bila kulilazimisha. Akasugua kutu, akatoa kwa sindano vumbi la nyuzi lililoganda pamoja na mafuta ya zamani, akabadilisha mkanda wa ngozi uliopasuka. Siku ya tatu kikazunguka. Katika vumbi lile la nyuzi kulikuwa na uzi mweupe, na mimi nikajua ni wa kanzu, wala sikuweza kukaa pale.

Nikaomba radhi kwa warithi wa dada yangu. Wakaridhia kiende kwa binti yake, na fungu langu nikampa hiba. Sasa binti yule anashona sare za shule kule Tanga. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nisikufiche, mama yake alikiomba, na hakukipata. Hakuna mafuta ya taa ya kulegeza hilo.

KUAZIMANA

Mtu aweza kusema: hayo ni yako, Sheikh, mimi sina cherehani cha mirathi. Lakini huna shoka? Huna ngazi? Huna sufuria kubwa ya shughuli, au mbuzi, au kinu? Katika Qur'ani ipo sura fupi, ya 107, tunayoisoma sana katika swala, na jina lake ni al-Maun. Mwisho wake umewakaripia watu wanaoswali kwa kujionyesha huku wakinyima maun. Wako waliolifasiri neno hilo kuwa ni zaka, na wako wengi waliolifasiri kuwa ni vyombo vya kuazimana majirani, na kutoka kwa Abdullah bin Masud (R.A.) imepokewa mifano yake: chungu, ndoo, shoka. Yaani kunyima shoka kumetajwa karibu na kuichezea swala. Jambo hili si dogo kama tunavyolidhani.

Na sheria haikumwacha mwenye chombo bila ulinzi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, chombo kilichoazimwa ki katika dhamana ya aliyekiazima: kikipotea mkononi mwake au kikaharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, atalipa, hata kama hakufanya uzembe. Lakini kikilika kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, halipi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kabla ya vita vya Hunayn, aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati ule alikuwa hajasilimu, na akamhakikishia kwamba ni azimo lenye dhamana. Basi anayenyima kwa kuogopa kuharibiwa, sheria imekwisha kumtuliza. Na anayeazima akarudisha panga butu na jembe lenye tope, ajue kwamba ndiye anayewafundisha watu kunyima.

Mimi huku nina mbuzi niliyokuja nayo kutoka Pangani. Minazi huku hakuna. Nazi huja na mabasi, na siku za Idi mbuzi yangu huzunguka nyumba tano. Hurudi na kovu jipya kila mwaka. Sijapata kuona ikirudi butu, kwani kina mama wa huku wameijua haki yake, na pengine ile ya mwisho kuitumia huipeleka kwa mhunzi kabla ya kunirudishia.

MKONO NDIO URITHI

Huenda msomaji akauliza, je, makumbusho hayana kazi? Yana kazi. Kitu ambacho watu hawakitumii tena, makumbusho hukiokoa kisipotee kabisa, na anayetaka kujua nyumba na vyombo vya makabila yetu akitembelea Makumbusho ya Kijiji pale Dar es Salaam hatarudi mikono mitupu. Lakini makumbusho huokoa chombo. Mkono hayawezi kuuokoa.

Mfano wake tunao sisi wenyewe watu wa Pwani. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, chenye tanga la ukili, ulisafiri bahari hii kwa karne nyingi. Mitepe ya mwisho ikatoweka mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe kwa ajili ya maonyesho katika Beit al-Ajaib, Unguja, haukuundwa na mtu aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, kwani mkono ulikuwa umekwisha katika zamani. Ilibidi watu waitafute kazi hiyo upya. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Linganisha na jahazi na mashua. Nenda Nungwi, nenda Lamu: utakuta tezo na keke vikifanya kazi, na kijana akipigilia pamba katika viungo vya mbao kama alivyofanya babu yake. Vyombo vile havina vanishi. Vinalowa jasho, ndiyo maana vipo.

Tena na nyumbani ni hivyo. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja kwamba akishona nguo yake na akitengeneza viatu vyake. Tunaipenda sunna ya kilemba na sunna ya mswaki. Sunna ya sindano tumewaachia nani? Mwanao wa miaka kumi akiona kiatu kimekatika huambiwa kitupwe. Haambiwi alete sindano.

KILICHO KALE NA KIBAYA

Nisije nikaeleweka vibaya kwa upande wa pili, nikadhaniwa nasema kila kuukuu kiheshimiwe. La. Hapa Chimala mpunga na mchele hupimwa mchana kutwa, na nimeona mizani kuukuu ambayo mwenyewe hujivunia kwamba ni ya babu yake. Mizani ikiwa ya babu na ikawa ya kweli, ni baraka juu ya baraka. Ikiwa ya babu na mshale wake unachelewa, ni wizi uliorithiwa. Wakala wa Vipimo huzikagua mizani za biashara na kuzipiga chapa, nasi Waislamu tulikuwa na onyo kabla ya chapa, kwani Surat al-Mutaffifin imeanza kwa ole wa wanaopunja. Kadhalika debe lililobonyezwa kitako kwa makusudi, na gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba ili mkulima atoe zaidi kwa bei ile ile: hiyo nayo ni ada ya zamani, nayo yastahili kuvunjwa.

Mpime nacho kibaba cha nyumbani. Katika nyumba nyingi za Pwani kipo kibaba cha kale, na vibaba vinne ndivyo pishi, kama ilivyo kwamba mudi nne ndizo swaa. Hutolewa mwisho wa Ramadhani kupimia zaka ya fitri. Lakini je, kimepata kulinganishwa? Kikiwa kimelika mdomo au kimebonyea, basi kila mwaka maskini wanapunjwa kwa chombo kitakatifu cha bibi. Kilinganishe kwanza, ndipo ukisifu.

KUUTENGENEZA MSEMO

Sasa turudi kwenye msemo tulioanza nao. Hukumu yangu ni hii: neno "kale" halina kosa, lililokosa ni neno "dhahabu". Limetuchukulia chombo, likatuachia pambo. Nami ningeutengeneza kama fundi anavyotengeneza plau, kwa kutoa ulimi uliolika tu na kuuacha mwili. Ningesema: ya kale ni amana.

Amana haifichwi kwa mwenye haki nayo. Amana hutunzwa, hulinganishwa, na huendelea kufikishwa. Chombo tulichorithi kina wenye haki watatu: aliyekiacha, ambaye tunatumaini apate thawabu kila kinapofaa, sisi tulio nacho, na atakayekuja kukiomba. Ukikifungia umewazuilia wote watatu, na wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao.

Basi nawaomba, nduguzanguni, kabla ya wiki hii kwisha kila mmoja aifungue stoo yake. Akikuta chombo kizima, akitumie au ampe wa kukitumia. Akikuta kibovu kinachofunguka, akipeleke kwa fundi angali hai fundi huyo, na ampeleke na mtoto akatazame. Akikuta cha uwongo, akivunje. Na akikuta kitu kilichofunikwa kwa kanga ya marehemu, asikifunue mpaka awaite kwanza warithi wenziwe, maana huenda yumo mmoja aliyekwisha kukiomba akanyamaza.

Mimi wangu hakungoja.